Chai Isiyonyweka

Vitasa vya milango nilivyonunua vilikuwa havijafika ghalani na kontena haliwezi kufungwa kabla ya kuvipakia, kwa hiyo nikajikuta nina siku nzima Guangzhou, China, sina la kufanya. Mwenyeji wangu, kijana wa Tanga anayefanya uwakala pale mtaa wa Xiaobei, akanicheka: "Kaka, kila mwaka unakuja na unayajua maghala tu. Leo twende Yongqingfang, mtaa wa kale."

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, tukabadilisha mara mbili, tukaibukia Changshou Lu, upande wa mji wa kale. Barabara ya Enning, ilipo Yongqingfang, ina maduka ambayo ghorofa zake zimetokeza hadi juu ya njia ya miguu, zimebebwa na nguzo. Mvua ilitukuta hapo, tukatembea wakavu.

Njiani akanifundisha neno. Nyumba ikishapangiwa kubomolewa, ukutani huchorwa herufi moja kubwa ndani ya duara. Kwa Kimandarini inatamkwa *chai*. Nikacheka peke yangu. Kwetu chai hunywewa, au hupitishwa chini ya meza. Huku maana yake ni bomoa. Enning chai hiyo ilianza kumiminwa kabla ya 2010: familia zikalipwa zihame, nyumba zikaangushwa, wengine wakaandika barua za kupinga. Zilizosalia zikabaki magofu hadi 2016, kampuni ya Vanke ilipopewa Yongqingfang iikarabati na kuiendesha miaka 15. Siku hizi haisemwi chai, husemwa "marekebisho madogo".

Na kusema kweli, panapendeza. Matofali ya kijivu yamesafishwa, vioo vya rangi madirishani vinang'aa. Nilisimama sana kwenye milango. Nyumba za huku za zamani zilikuwa na mlango wa tabaka tatu, na wa katikati ni magogo membamba yaliyolazwa, unausukuma pembeni kama droo. Upepo unapita, mwizi hapiti. Bila kiyoyozi, kwa joto lile, ndio uliokuwa ukiwaponya watu. Mmoja niliukuta umetundikwa ukutani kama picha, ndani ya mkahawa wenye baridi ya kutia mafua.

Tukaingia nyumba ya Li Hoi-chuen, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, baba yake Bruce Lee. Mwanawe alizaliwa San Francisco 1940 na kukulia Hong Kong, lakini foleni ya kupiga picha ilikuwa kana kwamba yumo chumbani. Hata mimi nilipiga. Nimekulia vibanda vya video, ningefanyaje?

Kichochoro cha nyuma, bibi mmoja alikuwa akianika nguo kwenye ufito dirishani. Vijana watatu wakainua simu wampige picha. Akawatazama, akaivuta fulana moja ndani, akafunga dirisha. Mwenyeji wangu akasema wakazi wa zamani waliobaki ni wachache. Nikamuuliza kodi ya fremu ikoje. "Kama Kariakoo," akajibu, "ondoa kilemba tu."

Tulirudi barabarani tukifuata mlio wa nyundo. Fundi shaba alikuwa amekaa mlangoni, birika katikati ya miguu, akiligonga polepole hadi vijidoa vijipange. Nikaulizia bei, nikashtuka, nikaomba kupunguziwa kama ada yetu. Hakuinua hata kichwa. Mwenyeji wangu akatafsiri tena, kwa adabu zaidi. Nyundo ikaendelea.

Nikalipa.