Uzoefu wangu: nilivyoiandika stori ya Afande Neema na muuaji wa kuiga hapa Dodoma

Watu wengi wananiuliza niliwezaje kuandika stori ya upelelezi wa mauaji mpaka ikaisha, tena mpelelezi mwenyewe mwanamke, tena Dodoma na siyo Dar, basi ngoja nieleze nilivyofanya, labda kuna mtu stori yake imekwama itamsaidia.

Stori yenyewe iko hivi. Miaka ya nyuma kuna mtu alikuwa anaua wanawake kule Hombolo wakati wa msimu wa zabibu, akakamatwa, akahukumiwa, yuko zake gerezani Isanga. Halafu ghafla asubuhi moja mwanamke anakutwa ameuawa Chang'ombe, mkononi kafungwa kamba ya katani kama wale wa Hombolo, na mji mzima unaanza kusema yule jamaa katoroka, wengine wanasema polisi walimfunga asiyehusika. Jalada anapewa Afande Neema.

Mwanzo haukunisumbua, watu na mitaa naijua. Nilikwama kwenye swali moja tu, huyu dada atajuaje kwamba muuaji wa sasa ni mtu mwingine kabisa anayeiga? Sikutaka aote ndoto wala aletewe siri na mganga, nilitaka ajue kwa kazi yake.

Kilichonifungua ni kesi za kweli. Uingereza kulikuwa na Peter Sutcliffe, aliua wanawake 13 mpaka alipokamatwa Januari 1981. Wakati bado wanamtafuta, mwaka 1978 barua zikaanza kuja na 1979 ikaja na kanda ya sauti, mtu anajiita Jack anasema muuaji ni yeye, na polisi wakamuamini kwa sababu alitaja mambo waliyodhani anayajua muuaji peke yake, kumbe yalishaandikwa kwenye magazeti! Basi wakahangaika kutafuta mtu mwenye lafudhi ya Sunderland, na Sutcliffe hakuwa na lafudhi hiyo, akaendelea kuua. Yule mwongo, John Humble, alikuja kupatikana kwa vinasaba vilivyobaki kwenye bahasha aliyoilamba akaifunga, akapewa miaka 8 mwaka 2006.

Hiyo kesi iliniuma sana, na ndo ilinipa jibu. Anayeiga hakuwepo siku ya tukio, anachokijua ni kile alichosoma au kusikia, kwahiyo mpelelezi akikaa akapanga hiki kilitangazwa, hiki hakikutangazwa, hiki kilitangazwa lakini kilikosewa, atamuona tu. Hata hapa kanda ya kati tunayo historia ya kuiga, miaka ya 1940 Singida watu waliuawa ikasemwa ni simba, baadaye wakashtakiwa watu waliodaiwa kujivika ngozi ya simba na kuua ili ionekane ni mnyama. Niliwafanya wazee kwenye stori walitaje hilo pale kwenye msiba, kwa sababu wazee wa huku ndivyo wangeongea.

Baada ya hapo nikamtafuta mtu wa kunifundisha kazi yenyewe. Kuna mama mmoja mtaani kwetu amestaafu polisi, alishafanya upelelezi. Nilienda na daftari, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza shida yangu yote hakucheka hata kidogo. Akaniambia kitu cha kwanza mpelelezi wako akifika asiguse, achore ramani ya tukio, apige picha, kila kielelezo kiandikwe nani kakichukua, kampa nani, saa ngapi, mpaka kinafika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, kwa sababu wakili akikuta sehemu moja haijaandikwa hapo kesi inaweza kufa.

Halafu nikamwambia kuhusu kamba. Akanyamaza kidogo, akaniuliza muuaji wako wa kwanza alikuwa anafanya kazi gani? Nikasema kibarua wa shamba la zabibu. Akainuka akaleta kipande cha kamba, akakivuta kigoda akaifunga kamba kwenye mguu wa kigoda, fundo lenye kitanzi, akaniambia vuta hiyo ncha, nikavuta likafunguka lote mara moja. Akasema wanaofunga mizabibu kwenye waya wanafunga hivi ili wakati wa kukata matawi wasihangaike. Kisha akafunga tena kamba ileile kwa kukaza mara mbili kama wanavyofunga mizigo dukani, nikavuta mpaka vidole vikauma halikufunguka. Akanitazama tu. Mwanangu, akasema, mkono unafunga ulivyozoea.

Yaani stori yote ikakaa sawa palepale kwenye kigoda! Gazeti liliandika kamba ya katani, likaishia hapo, fundo halikutajwa. Tena gazeti lilikosea likaandika mkono wa kushoto wakati wale wa Hombolo wote ilikuwa wa kulia. Afande Neema anaweka picha za jalada la zamani na za jalada jipya kwenye meza moja, anaona mkono wa kushoto, anaona fundo la kukaza, anajua huyu mtu kasoma gazeti na hajawahi kufunga mzabibu maishani mwake. Tangu hapo hahangaiki tena na yule anayedaiwa kutoroka Isanga, anatafuta mtu wa kufunga mizigo anayemfahamu marehemu na aliyependa lawama iende kwa mtu mwingine.

Kuhusu kumfanya mwanamke, hilo niliamua mapema na nalisimamia. Neema kaanzia dawati la jinsia na watoto, kina mama wa soko la Majengo wanamjua, wanamwambia vitu ambavyo mwanaume mwenye redio ya polisi mkononi asingeambiwa, kwamba marehemu alikuwa anacheza mchezo na wenzake na zamu yake ya kupokea hela ilikuwa wiki ileile, na kwamba kuna mtu alishaulizia. Nilichukia sana stori ambazo muuaji anapewa kurasa nyingi na mwanamke aliyekufa anapewa mstari mmoja, eti mhudumu wa baa. Kwangu marehemu ana jina, ana deni la kitenge, ana mtoto darasa la nne, na sura ndefu kuliko zote ni ya maisha yake. Ukiandika hivi hata upelelezi unakuwa rahisi maana chanzo cha kifo kiko kwenye hayo maisha.

Nimefunga stori mahakamani. Shtaka la mauaji linasomwa, hakimu anamwambia mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, Neema anatoka nje kumpigia simu mama wa marehemu ampe tarehe. Wasomaji wengi wameniomba niweke hukumu palepale. Sikuweka, hiyo ni mpaka Mahakama Kuu, kuna mashahidi, kuna ripoti ya Mkemia, kuna wakili atakayemuuliza Neema kuhusu lile fundo maswali magumu kweli, na hicho ni kitabu cha pili ambacho nimeshaanza kukiandika na yule mama kashakubali kunisaidia.