Tope la Jangwani

Masika ya 2018, jijini Dar es Salaam, Mto Msimbazi ulifurika, ukapita juu ya daraja la Jangwani, na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Kutoka Magomeni kwenda Kariakoo, pua na mdomo, ikabidi tuzungukie Kigogo. Kwa hiyo niliposikia jioni ile kwamba njia imefunguliwa, nilikwenda Magomeni Mapipa nikachukua bodaboda.

"Dada, shika vizuri," kijana akaniambia. "Maji yameondoka, tope limebaki."

Aliendesha taratibu. Tulipofika darajani, daladala ya mbele ikashika breki. Naye akagusa breki, kidogo tu, tairi la nyuma likakimbilia pembeni, tukaanguka. Lori lililokuwa nyuma yetu lilisimama karibu kiasi kwamba nilisikia joto la injini usoni. Nilipotegemeza kiganja chini ninyanyuke, mkono nao uliteleza. Lile tope lilikuwa mlenda mtupu. Juu lilishaanza kukauka na kupasuka, ungedhani ni ardhi ngumu. Chini yake bado bichi, na chini zaidi kulikuwa na shimo ambalo hakuna macho ambayo yangeliona.

Vijana wa pale bondeni walitukimbilia. Mmoja alikuwa na koleo, anakwangua tope kwa hiari yake. Akanionyesha matundu ya kutolea maji ukingoni mwa daraja: yote yamezibwa na chupa za plastiki na mchanga. Mchanga huo mto unaushusha tangu vilima vya Pugu. Umejaa bondeni hadi nafasi chini ya daraja imekuwa finyu, ndiyo maana mvua ikikolea maji hupanda barabarani.

Dereva wangu aliteguka bega. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, na hesabu ya tajiri haisubiri bega lipone. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Walioruhusu magari kupita walitazama kina cha maji tu, wakaona yamepungua, basi. Boza moja la maji na watu wachache wenye mafagio wangeiosha lami ile kabla ya giza.

Sasa Jangwani panajengwa daraja jipya la juu zaidi, katika mradi wa Bonde la Msimbazi. Nalifurahia kwa dhati. Ila hata hilo litahitaji matundu yanayozibuliwa kabla ya kila masika, na mtu wa kukagua lami kwa miguu yake kabla hajawaruhusu wenye pikipiki.