Panya wa kisiwani humalizwa, wa Mbozi huzuiwa

Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kilimaliza panya weusi mwaka 1997. South Georgia, kusini kabisa mwa Atlantiki, kilitangazwa hakina panya mwaka 2018, baada ya helikopta kumwaga chambo cha sumu. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ndege wengi wa visiwani hutaga chini na hawajazoea mnyama wa kuwawinda, kwa hiyo panya anakula mayai na makinda bila tabu. Lord Howe, huko Australia, meli ilikwama mwaka 1918, panya wakashuka, na aina tano za ndege zikatoweka.

Kazi hiyo inawezekana kwa sababu bahari huzuia panya wengine kuingia. Kila panya lazima akute chambo ndani ya eneo lake. Vituo vikiwekwa kwa mkono huachana mita 25 hadi 50. Sumu ni ile ya kuzuia damu kuganda, inayoua baada ya siku kadhaa, ili wenzake wasikishuku chambo. Akibaki jike mmoja mwenye mimba, umerudi mwanzo, maana mimba ni wiki tatu tu. Kwenye visiwa vya joto kazi hiyo hushindwa zaidi: kaa wanakula chambo, na panya wanazaa mwaka mzima.

Huku bara Tanzania, Mbozi au Mafinga, hakuna bahari. Panya shamba ni mwenyeji wa Afrika, na uzao mmoja unaweza kupita watoto kumi. Ukiua wa ghalani kwako, wa shamba la jirani wanajaza nafasi. Bundi naye akila panya mwenye sumu anaweza kufa, na bundi tayari anauawa bure kwa kudhaniwa mchawi. Inauma.

Hela ya sumu nunua bati. Inua kihenge mita moja kutoka ardhini, kwani panya huruka karibu sentimita 75. Kila mguu uvishe koni ya bati, mdomo ukitazama chini, juu kabisa karibu na sakafu ya kihenge. Wengi huifunga chini, panya anairuka. Ngazi iondolewe kila jioni, kuni zisiegemezwe, matawi yakatwe mita mbili pande zote. Tundu linalopitisha kidole ziba kwa wavu wa chuma au saruji; plastiki inatafunwa.

Kwa mahindi ya darini, tumia mitego mingi usiku mmoja, ikiwa imebana ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta.