Kibofu cha Bosi

Watu wakisikia mbwa wangu aliwahi kupooza miguu ya nyuma swali la kwanza huwa ni lilelile, alianza kutembea lini. Mi nikikumbuka kile kipindi nakumbuka mkojo. Hakuna aliyeniambia kabla kwamba mbwa akipooza kuanzia kiunoni hata kukojoa hawezi mwenyewe, na kwamba hilo ndo litakua kazi yangu mchana na usiku, kuliko hata mazoezi ya miguu.

Bosi ni chotara wa Dachshund, miguu mifupi mgongo mrefu. Ile asili inayowapa miguu mifupi ndo hiyohiyo inayowaharibia mgongo mapema, kati ya pingili na pingili kuna diski, kama kimto, na kwa mbwa wa aina hii sehemu ya kati ya diski inakauka na kuwa ngumu wakiwa bado wadogo, afu siku moja inapasuka na kusukumwa juu, inabana ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya uti wa mgongo. Haihitaji hata aanguke. Jioni ile alikua anatetemeka, mgongo kaukunja, ukimgusa analia, na kulipokucha akaja mlangoni anajiburuza kwa miguu ya mbele, ya nyuma inafuata tu imelala upande. Tukambeba kwenye ubao bapa tukaondoka naye hivohivo.

Daktari alimlaza mezani akachukua koleo dogo akambana kidole cha mguu wa kulia. Mguu ukajivuta. Mi nikaruka, nikasema si amehisi huyo daktari! Akanijibu taratibu, "Hapana dada, huo mguu umejivuta wenyewe, taarifa haijafika kichwani. Usiangalie mguu, angalia uso wake." Akabana tena, kweli Bosi alikua anaangalia ukutani kama hayupo. Akahamia mguu wa kushoto, akabana mpaka kwenye mfupa, na hapo Bosi akageuza kichwa, masikio yamelala nyuma, akataka kumng'ata mkono. Sijawahi kufurahi mbwa wangu kutaka kung'ata mtu kama siku ile. Daktari akaeleza kwamba mbwa ambaye bado anahisi maumivu ya ndani kabisa, akifanyiwa upasuaji, takriban 9 kati ya 10 wanarudi kutembea, na ambaye hahisi kabisa inashuka mpaka kama nusu, tena kwake kila saa ina maana.

Mama alipiga simu tukiwa palepale. "Mwanangu, huyo mnyama anateseka, mwambie daktari amchome sindano apumzike." Nikamwambia mama, maumivu anayahisi, ndo maana tunampeleka kwenye upasuaji. Hakuafiki lakini hakubishana.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema, alipigwa MRI, picha ya ndani ya mwili, ili waone diski ipi, wakatoboa kidirisha ubavuni mwa pingili wakachokonoa ule uchafu wa diski ukatoka, nikamkuta amenyolewa mgongo mzima na mstari wa nyuzi katikati. Kazi ilikua nyumbani.

Nesi ndo alinifundisha kibofu. Unamsimamisha, mtu anamshika kwa taulo chini ya tumbo, wewe unaweka viganja viwili pande zote za tumbo, mbele kidogo ya mapaja, unatafuta taratibu mpaka unakipata, ni cha mviringo na kinateleza kama puto lenye maji. Afu unabana kwa viganja, vidole visichimbe, unasukuma kuelekea mkiani na unashikilia hapohapo bila kuachia. Kwa mbwa aliyeumia katikati ya mgongo mlango wa mkojo unakua umekaza, kwa hiyo unabana na hakitoki kitu, unasubiri, mikono inatetemeka, afu ghafla unasikia umelegea chini ya kiganja na mkojo unakuja. Kila baada ya saa 6 hadi 8, usiku pia. Daktari alimpa na dawa ya kulegeza huo mlango.

Kitu kimoja nataka mtu yeyote mwenye mbwa wa hivi akijue. Ukikuta matandiko yamelowa usishangilie kwamba kakojoa. Kibofu kikijaa kupita kiasi mkojo unavuja wenyewe, na ndani kinabaki kimejaa kinavutika, mkojo unakaa unaoza, maambukizi yanaingia. Bosi alipata, mkojo ukawa na ukungu na harufu kali, ukapelekwa kupimwa akaanzishiwa antibiotiki. Dada yangu akawa ananusa kila taulo kabla ya kulifua, hakuona kinyaa hata kidogo, na kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Mengine yote yalizunguka hapo. Alikaa kwenye kreti, kile kizimba kidogo cha mbwa, kwa sababu mgonjwa wa hivi anatakiwa kutulia kama wiki 4 hadi 6, tunamgeuza upande ili asipate vidonda vya kulalia, godoro nene, ngozi inafutwa na kukaushwa kila akilowa. Mazoezi tulikua tunamlaza ubavu, nashika mguu nakunja nyonga, goti, kifundo, nakunjua, taratibu kama anaendesha baiskeli, afu nasugua nyayo na kutekenya katikati ya vidole. Yeye anatuangalia tu. Kuna siku niliona kabisa amekata tamaa, chakula anageuzia kisogo, nikakaa chini pembeni ya kreti nikamlisha kwa mkono punje mojamoja.

Mkia ndo ulitangulia. Dada aliingia kutoka kazini akamwita jina kabla hata hajavua viatu, na ncha ya mkia ikasogea kushoto, kulia, ikalala. Tukamwambia mwite tena. Akaita, ikasogea tena. Hiyo haikua kujivuta kwenyewe kama ule mguu mezani kwa daktari, ni kichwa kilikua kimesikia jina lake na ujumbe ukapita palipokua pameziba mpaka nyuma. Tulilia wote wawili.

Lakini siku yangu kubwa ni ingine. Nilimtoa nje kwa taulo kama kawaida, nimejiandaa kupiga magoti, yeye akanivuta kuelekea kwenye majani, akanusa sana sehemu moja, miguu ya nyuma ikachuchumaa vibaya vibaya huku inatetemeka, na mkojo ukatoka. Akaukata. Akasogea akatoa mwingine kidogo pembeni. Mi ndo nilijua amepona, hata kabla ya hatua yoyote, maana kuvuja hakukatiki na hakuchagui mahali. Bado niliendelea kumpapasa baada ya kila kukojoa nione kama kimebaki kitu ndani, mpaka daktari aliporidhika.

Kutembea kulikuja baadaye na hakukuja vizuri kama watu wanavyodhani. Alikua anasimama anayumba, anaanguka kwa makalio, anakanyagia juu ya vidole vilivyokunjika mpaka kucha zinalika upande wa juu, tukamvalisha soksi za mpira na kutandika mazulia maana sakafu ya vigae ilikua inamshinda. Alitembezwa pia kwenye mashine ya majini, maji yanamshika uzito miguu inajifunza kupiga hatua. Mguu wa kulia hadi leo unachelewa kidogo akikata kona.

Diski ingine inaweza kupasuka wakati wowote, kwa hiyo ngazi zimefungwa, kwenye kochi kuna ubao wa kupandia, uzito wake unaangaliwa, na anavaa mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni. Kubebwa ni mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa, na mgeni akitaka kumbeba namwonesha kwanza. Mama naye anawaonesha.