Siku tulipouvalisha mnara masikio

Kuna mathe mmoja wa chapo huko Pipeline, Nairobi, si mbali na Outering, yeye ndiye alinifanya nijifunze kueleza hii kazi ya minara ya simu vizuri, maana kabla ya hapo mtu akiniuliza nilikuwa nasema tu "tunaweka boosta" na naendelea na shughuli zangu. Ilikuwa 2013, mwezi wa pili, jua la kuchoma utosi, tunashusha vitu kwa pikapu na yeye anatuangalia tu huku anakanda unga. Akaniuliza, "Kijana, hiyo mnaweka itafanya simu yangu ishike?" Nikamwambia ndio mathe. Akatoa simu kwa mfuko wa aproni akanionyesha, vijiti vyote vimejaa, alafu akasema, "Mbona imeshika tayari. Shida ni nikipiga, mimi namsikia mtu sawa kabisa, yeye ananiambia hanisikii."

Wah. Huyo mathe alikuwa amemaliza uchunguzi wa mainjinia watatu na mikono iko kwa unga.

Sababu ni hii. Vile vijiti vinakuonyesha venye simu yako inausikia mnara, basi, havikwambii kama mnara unakusikia wewe. Mnara unaongea na wati 20, ingine 40, wakati simu ya 3G hata ikijikaza vipi haizidi robo wati. Sasa hiyo sauti kidogo ya simu inapenya maghorofa ya Pipeline venye yamebanana, inafika kwa antena ikiwa hoi, na hapo bado haijafika nyumbani, inabaki kushuka na kebo nene mpaka kwa redio, yaani ule mtambo wenyewe wa mnara, iliyo kwa kontena huko chini. Mlingoti wetu ulikuwa mita 45, ukihesabu na mikunjo kebo inafika kama 50, na kwa masafa ya megahezi 2100 kebo ya aina ile inakula kama desibeli 3, yaani nusu ya nguvu imepotelea kwa kebo tu. Ni kama kutuma mtoto chai kutoka ghorofa ya saba, ikifika chini imebaki nusu kikombe.

Mtu atasema si muweke hiyo boosta chini kwa kontena basi, mpumzike kupanda. Hapana. Ukiiweka chini unaongeza sauti ambayo ishachanganyika na kelele ya kebo, ni kama kujazia ile nusu kikombe na maji, kikombe kinajaa ndio lakini si chai tena. Lazima ukae juu na jagi, pale pale kwa antena, kabla chochote hakijamwagika. Ndio maana hii kitu tunaiita TMA, amplifaya ya juu ya mnara, na haikusaidii wewe kusikia mnara hata kidogo. Ni sikio la mnara.

Sasa kazi yenyewe. Antena zilikuwa tatu, kila moja na upande wake, na unazima upande mmoja kwa wakati ili watu wa pande zingine waendelee kuongea. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. TMA moja ina kilo kama sita hivi, si nzito ukiwa chini, lakini inapandishwa na kamba na kapi huku mwenzako wa chini akivuta kamba ya pembeni isigonge chuma, alafu wewe uko huko umening'inia kwa hanesi, una kamba mbili na sheria ni moja tu, moja lazima iwe imefungwa saa zote, hata kama unahamisha mguu. Ndege za JKIA zinapita unaona hadi magurudumu.

Unafungua kebo kwa antena, unafunga TMA kwa paipu, unaunganisha kipande kifupi cha kebo kutoka antena hadi mdomo wa juu ulioandikwa ANT, na kebo kubwa inaingia mdomo wa chini ulioandikwa BTS. Usibadilishe hizo mbili tafadhali. Umeme wa kuendesha TMA unapanda na kebo ile ile inayoshusha sauti, kwa hivyo ukigeuza haitawaka na utapanda tena mita 45 kwa ujinga wako. Nati zinakazwa na spana ya kupima, nyutoni-mita 25 mpaka 30, si nguvu za kifua.

Alafu tepu. Hapa ndio nilijiaibisha.

Kila mahali kebo inaungana lazima ufunge tepu maji yasiingie, kwanza tepu ya plastiki ya kawaida, juu yake ile ya mpira ambayo ukiivuta inajishika yenyewe, alafu plastiki tena ya kumalizia. Ile ya kumalizia unaanza chini unapanda. Yaani kila mzunguko unalalia ule wa chini yake, kama mabati kwa paa, la juu linafunika la chini ndio maji yateleze. Ukianza juu ukashuka umetengeneza paa ya kichwa chini, kila mzunguko ni kamfuko kadogo ka kuteka maji. Hii nilikuwa naijua. Shida ni kwamba upande wa tatu kulikuwa na kiota cha mwewe, kimejengwa na nyaya na makaratasi ya plastiki, na mwenyewe hakuwa na mchezo, alikuwa ananirukia kwa helmeti kila dakika, nikafunga haraka haraka kutoka juu kwenda chini, nikakata, nikashuka. Nikamwambia mwenzangu iko sawa.

Kabla hata hatujafunga geti jamaa wa ofisi akapiga, ati kelele imepanda kwa saiti, namba inayofaa kuwa karibu -105 inasoma -96, tumeharibu nini? Nikavaa hanesi tena roho ikiwa chini, na kidogo nipande, lakini mwenzangu akakaa chini akapiga hesabu kwa kiganja cha mkono na biro. TMA inaongeza desibeli 12, kebo inakula 3, inabaki 9. Kutoka -105 mpaka -96 ni ngapi? Tisa. Hakuna kitu tumeharibu, ni wao hawakuiambia mitambo kwamba kuna TMA, kwa hivyo redio inadhani dunia imeanza kupiga kelele ghafla. Wakaweka kwa setingi, namba ikarudi.

Kelele ya ukweli ni ile ya boosta za mtaani, zile mtu ananunua tu tao anaweka kwa paa ya nyumba bila idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Yeye anafurahi kwake vijiti vimejaa, kumbe boosta yake inamwaga kelele kwa sikio la mnara na wanaoumia ni majirani wote. Ukiwa na jirani kama huyo hata TMA haikusaidii, inakuza kelele yake pia.

Mwezi wa nne mvua ikaanguka venye huwa inaanguka Nairobi, na nadhani unajua upande gani ulipiga alamu. Wa tatu. Tukaenda na Site Master, kile kifaa cha kupima kebo na antena, namba ya mawimbi yanayorudi ilikuwa 1.9 na sisi tunataka chini ya 1.5. Nikapanda kimya, nikakata ile tepu yangu, nikalegeza nati, maji yakatoka kama yametoka kwa kijiko, na pini ya katikati ilikuwa ishaanza kuwa kijani. Mwewe alikuwa amehama. Nikabadilisha kipande cha kebo na nikafunga tepu kutoka chini kwenda juu polepole kama mtu anasuka nywele.

Siku hizi saiti mingi redio yenyewe iko huko juu nyuma ya antena, kinachoshuka ni faiba na waya za umeme, chai haimwagiki tena. TMA za aina ile tunazitoa zaidi ya kuzifunga.

Niliposhuka siku hiyo ya mvua nikapitia kwa mathe nikiwa nimelowa. Akaniangalia. "Nyinyi mlinidanganya, vijiti ni vilevile." Nikamuuliza na ukipiga sasa? "Ah, nikipiga wananisikia. Lakini vijiti hamkuongeza." Nikamuuliza na chaji je, maana mnara ukisikia vizuri simu haina haja ya kupiga mayowe. Akasema sasa inafika jioni, lakini hiyo ni juu alinunua betri mpya.

Alafu akanidai pesa ya chapo mbili za mwezi wa pili.