Kanda ya Pili

Masika haya nimekuwa mlevi wa filamu za kuliza. Mvua ikianza kupiga mawe ya Bwiru, hapa Mwanza, na umeme ukikubali kubaki, najifunika shuka na kutafuta huzuni ya watu wengine. Rafiki yangu kazini ananicheka: mshahara haujatoka, bando lenyewe la kuungaunga, halafu unalitumia kulia?

Kuna za kulia kwa lazima. Kal Ho Naa Ho, ya mwaka 2003, ni ya namna hiyo. Shah Rukh Khan, humo akiitwa Aman, ana ugonjwa wa moyo, anampenda Naina, anaficha maradhi na kumsukumia dada wa watu kwa rafiki yake. Ukiitazama kwa akili timamu unajiuliza nani amemtuma kugawa mapenzi kama ubwabwa wa msibani. Lakini ikifika pale hospitalini, sebule nzima inatafuta leso. Halafu kuna Amour ya Michael Haneke, 2012, ambayo haina haraka na mtu. Wazee wawili, walimu wa muziki waliostaafu, wanaishi kwenye nyumba yao Paris. Mke anapata kiharusi, mume anamlisha, anamwogesha, anambeba. Hakuna muziki wa nyuma wa kukuambia haya, sasa lia. Mimi nililia kesho yake, ndani ya daladala, kondakta akadhani nimeibiwa.

Lakini inayonisumbua wiki hii ni Titanic.

Watoto wa mtaa wetu tuliiona kwenye banda la video. Mabenchi ya mbao, turubai la kuzuia mwanga, na kijana mwenye kipaza sauti akitutafsiria, nusu ya maneno akiwa kayatunga mwenyewe. Ilikuja kwa kanda mbili. Kwa hesabu yetu, ya kwanza ilikuwa ya mapenzi na ya pili ya maji. Mama mdogo, ambaye wakati ule alikuwa anakaa kwetu, alilipa kiingilio kama wengine, akaitazama ya kwanza yote, akacheka Jack alipokuwa anamfundisha Rose kutema mate. Kanda ilipotolewa ili kubadilishwa, akainuka, akakung'uta khanga, akatoka. Na hakuwa peke yake. Watu wazima kadhaa walitoka pia. Sisi tukafurahia nafasi, tukasogea mbele.

Filamu ile ilitoka Desemba 1997. MV Bukoba, meli ya abiria ya Ziwa Victoria, ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kuja kwetu Mwanza, safari ikiwa inaelekea ukingoni. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo waliokufa wanatajwa kwa makadirio, zaidi ya 800, na wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma. Mji uliotoka kuzika namna hiyo ukaletewa meli nyingine ya kuzama, tena ya kulipia kiingilio.

Mchumba wa mama mdogo alikuwa daraja la tatu, na mikungu yake ya ndizi. Barua ya posa ilishajibiwa, mahari ilishalipwa nusu. Hakuonekana.

Jumapili iliyopita mama mdogo mwenyewe kaniambia: niwekee ile ya meli. Nikamuuliza, yote?

"Yote, mwanangu. Maji ya kwenye kioo yatanifanya nini mimi?"

Basi tukakaa saa tatu na ushee, chai ya maziwa na sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, katikati yetu. Meli ilipogonga barafu nikashika rimoti, nikiwa tayari kuzima. Hakuniangalia. Meli ikakatika, ikasimama wima, watu wakapiga kelele hadi zikaisha, Jack akaganda na kuzama. Mama mdogo anatafuna tu. Alichosema ni kwamba maji ya kule ni baridi mno, ya kwetu yangempa mtu nafasi.

Kilichomfanya aweke kikombe chini kilikuja baadaye, pale ambapo bandani hakuna aliyekuwa anasikiliza kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta ndala zake. Rose, sasa bibi kizee, anamaliza kusimulia, na mmoja wa wale wapekuzi wa meli anamwambia hawakuwahi kukuta kumbukumbu yoyote ya Jack. Tiketi aliipata kwa kamari, meli ikiwa karibu kung'oa nanga, nani angemwandika? Hata picha yake Rose hana.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Nitafsirie vizuri, usinichanganye."

Nikamtafsiria neno kwa neno. Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe na huyo hakuandikwa."

Ndipo akanisimulia mambo ya Mei ile, mengine hata mama yangu hakuwahi kuyagusa. Mchumba si mke. Kwenye msiba ukweni alikaa upande wa wageni, karibu na mafiga, akapewa pole kama wanayopewa majirani. Hakuna aliyemuuliza kama amekula. Karatasi ya majina haikuwa na jina la mwenzake, na hata lingekuwepo, hakukuwa na karatasi nyingine ya kuwaunganisha wao wawili. Baada ya miezi wazee wakarudishiana ile nusu ya mahari, wakashikana mikono, yakaisha. Yaani kwao yakaisha.

Akaniomba nirudishe nyuma kidogo tena, pale New York, mvua inanyesha, ofisa anapita na daftari akiuliza majina ya walionusurika. Rose anajitaja kwa ukoo wa Jack: Dawson. Mama mdogo akaitazama sehemu hiyo mara mbili.

"Huyu binti alikuwa na akili," akasema. "Mimi nilisubiri nipewe."

Tangu siku hiyo filamu hizi nazitazama kwa jicho jingine. Sihesabu tena nani kafa vizuri na nani kaaga kwa maneno matamu. Naangalia aliyebaki ana haki gani ya kulia mbele za watu. Yule mzee wa Amour, pamoja na mateso yake yote, mlango ni wake na mgonjwa ni mke wake. Naina anapewa mume mwingine, na machozi ya Aman inabidi ayalie akiwa mke wa mtu. Huo ndio uchungu wa filamu ile, na mwongozaji mwenyewe ameupitia harakaharaka kwenda kwenye nyimbo.

Jumapili hii kuchagua ni zamu yake tena. Ameomba ya Kihindi, kwa sharti moja: wawe wameshaoana kabla mmoja hajafa.