Makumbi, kitani na kitenzi cha Waingereza

Kiingereza kina kitenzi kifupi ambacho sijapata kumsikia mgeni hata mmoja akikitamka hapa Jambiani, kijiji chetu cha pwani Zanzibar, na wageni tunao wa kutosha: "ret". Maana yake ni kuloweka mmea hadi ulainike na kuoza kiasi cha nyuzi kuachana na nyama yake, na kina undugu na neno lao la kuoza. Hutumika zaidi kwa kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Ireland wakulima walikuwa wakizamisha matita ya kitani vidimbwini, wakayawekea mawe juu yasielee, na baada ya wiki moja au mbili wakaingia majini kuyatoa, uvundo usisemeke.

Mawe juu! Hapo nilicheka peke yangu. Maji yakipwa, toka uani kwetu utazame pwani: vichuguu vya mawe vimejaa, na chini yake makumbi ya nazi yaliyofukiwa na kina mama. Kuna wageni huuliza kama ni makaburi.

Kitani ni laini, siku kadhaa zinakitosha. Kumbi la nazi linataka miezi. Kwenye tope la maji ya chumvi hewa haipiti, na bakteria wanaopenda pahala kama hapo hula pektini, ule ulimbo unaoshikanisha nyuzi. Usumba wenyewe, yaani nyuzi za kumbi, una lignini nyingi, kile kinachoupa mti ugumu, hawauwezi upesi, ndiyo maana unabaki. Ile harufu ya yai viza ni gesi yao.

Ufundi uko kwenye kujua lini. Bibi huchomoa kumbi moja, akalisuuza, akavuta uzi kwa ukucha. Uzi ukitoka na unga wake, kumbi linarudi shimoni, hakuna mjadala. Ukitoka peke yake, safi, huwaita wenzake wafukue. Halafu ndiyo kazi: kuponda kwa kigongo juu ya jiwe, kusuuza, kuanika, kisha kusokota viganjani mpaka kamba ipatikane. Viganja vya bibi vimekuwa sugu, hata sufuria ya moto haitafutii kitambaa.

Kamba hiyo imefunga fito za nyumba na imewamba vitanda. Mitepe, vyombo vya baharini vya zamani, ilishonwa kwa kamba za makumbi, mbao kwa mbao, bila msumari. Leo mvuvi ananunua nailoni dukani na simlaumu, anataka kwenda baharini kesho, si mwakani.

Ninaowalaumu ni wale wanaokuja barazani kupatana bei, wakaishika kamba na kusema si makumbi tu haya, yanaokotwa bure. Bibi hagombani nao. Huwapa kumbi bichi na kigongo, akawaambia, "Haya mwanangu, nisokotee pima moja."